"Frizzy" ni nywele za kipilipili kweli?

Swali
Wakuu, naomba msaada. Natafsiri maelezo ya chupa ya mafuta ya nywele. Yameandikwa "for frizzy hair", na chini yake "anti-frizz". Kamusi niliyonayo inasema "frizzy" ni "-a kipilipili". Nikiandika "huondoa kipilipili" nitakuwa sawa?

Jibu 1
Hapana mkuu, usiandike hivyo. Mnunuzi atadhani ni dawa ya kunyoosha, apake, asubiri nywele zilale, zisilale. Kipilipili ni umbile: unywele unaota ukijisokota tangu kwenye ngozi, na Waingereza huuita "coily" au "kinky" (hilo la pili lina maana nyingine ya mambo ya faragha, liandamane na "hair" kila mara). "Frizzy" ni hali. Kila unywele umeshika njia yake, na juu ya kichwa pametanda kama ukungu. Hata nywele za singa huwa hivyo, hasa hewa ikiwa na unyevunyevu: unywele mkavu ambao magamba yake ya juu yameinuka hunyonya maji, huvimba na kupinda, wala haupindi sawa na wa jirani yake.

Ningeandika "kwa nywele zinazotimka" na "huzuia nywele kutimka".

Jibu 2
Naunga mkono "kutimka", ila usiteleze hadi "timutimu". Hizo ni nywele ambazo hazijachanwa, yaani "unkempt". Nywele "frizzy" huenda zimechanwa vizuri tu. Tena za mawimbi ukizichana zikiwa kavu ndiyo unazidisha, maana chanuo hutenganisha mafungu yaliyokuwa yameshikana.

Na sarufi: "hair" ya kichwa kizima huchukua umoja, "her hair is frizzy". Sisi husema "nywele zake ni", ndiyo maana wengi huandika "her hairs are", ambayo Mwingereza huielewa kama nywele chache za kuhesabika, mfano zilizonasa kwenye kitana. Umbo hutangulia rangi: "long frizzy black hair". Katika kulinganisha, y hugeuka i: "frizzier", "frizziest".

Muulizaji
Nimeelewa, ahsanteni. Na "frizzled" je?

Jibu 1
Iache. "Frizzle" pia ni kukaanga kitu mpaka kingo zikauke na kujikunja, kwa hiyo msomaji ataona nywele zilizoungua. Jambo jingine: "frizzy" mara nyingi hubeba lawama. Usimwambie hivyo mtu ambaye nywele zake ndivyo zilivyoota. "Coily" haimtii kasoro.