Nimepata 36 kwa 40: nipande gari ya Lusaka?

Kutoka Lubumbashi, Katuba

Jambo wakubwa wote mlio ng'ambo. Ninajiandaa kwa IELTS General, ule mtihani wa Kiingereza, nataka kuomba ukaaji wa kudumu Kanada. Mwezi jana kwenye jaribio la kusikiliza nilipata 24 kwa 40. Juzi, 36! Kusoma, 30. Jedwali nililolikuta kwenye intaneti linasema hiyo ni alama 8 na 7 kati ya 9. Mama amechinja kuku. Mimi mwenyewe roho haijatulia. Nilipe sasa, nipite mpaka wa Kasumbalesa nikafanye mtihani Lusaka, ao ningoje?

Kutoka Edmonton

Mdogo wangu, kuku mleni tu. Ila kabla hujatoa pesa ya mtihani na ya gari, niambie: sauti uliisikiliza mara ngapi? Na maswali hayo hukuwahi kuyaona?

Kutoka Lubumbashi

Yaya, sitaficha. Umeme ulikatika katikati, jioni nikaanza upya. Na kitabu ni kile alichoniachia binamu, sehemu mbili nilizifanya mwaka jana. Lakini majibu nilishayasahau.

Kutoka Edmonton

Kichwa kimesahau, sikio bado linakumbuka. Hiyo 36 iweke pembeni. Siku yenyewe sauti inapita mara moja tu, na neno ukilikosea herufi, swali limekwenda.

Mimi kinachonitisha ni kusoma. Jedwali lako ni la Academic, IELTS ya wanaokwenda kusoma chuo, na huko 30 ni 7 kweli. Kwenye General maandishi ni mepesi zaidi, kwa hiyo wanadai majibu sahihi mengi zaidi: 30 hiyo hiyo inakuwa 6, na 7 inaanzia kama 34. Tena Kanada haitazami wastani. Programu ya wafanyakazi wenye ujuzi inataka angalau 6 kwenye kila sehemu: kusikiliza, kusoma, kuandika, kuzungumza. Uko kizingitini, swali moja likiponyoka umebaki nje. Na kuandika hukukutaja kabisa. Mimi ndiko nilikoangukia mara ya kwanza, maana nyumbani nilijisahihisha mwenyewe, na mtu hajinyimi alama.

Tafuta jaribio ambalo hujawahi kuliona. Simu izime, saa iwe mezani, usisimamishe sauti hata mtoto akilia. Kuandika mpe mwalimu wa Kiingereza asiye ndugu yako.

Kutoka Montréal

Samahani kuingilia. Mtoto wa Katuba aliyesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi, kwa nini anaanza na Kiingereza? TCF Canada, mtihani wa Kifaransa, inakubaliwa vilevile kama lugha ya kwanza, kisha Kiingereza kinamwongezea pointi kama lugha ya pili.

Kutoka Lubumbashi

Aksanti yaya, aksanti mkubwa wa Montréal. Hilo la TCF hakuna aliyeniambia, hapa mtaani wote wanasema IELTS tu. Siku ya posho nitakwenda kwa mjomba, kuna jenereta, nifanye jaribio jipya mara moja bila kusimama. Namba nitaileta hapa, hata ikiwa 25.