Wakuu, bati la Lenco ya mzee nataka kulipiga rangi ya unga: nini kiingie oveni, nini kibaki?

KijanaWaKeko
Heshima kwenu wakuu. Mzee wangu kanikabidhi mashine yake ya santuri, Lenco L75 ya Uswisi, ile inayozungushwa na kigurudumu cha mpira, siyo mkanda. Imelala stoo Tanga miaka mingi na chumvi ya bahari imelitafuna bati la juu. Mota inazunguka, na ile sahani yake nzito ya kubebea santuri, kama kilo 4, haina shida. Kisanduku cha mninga nimeshachonga.

Bati nataka liwe jeusi lisilong'aa, rangi ya unga ya kuoka. Nimepata karakana wanaooka rimu za magari na fremu za madirisha. Fundi kaniambia, "Lete yote kama ilivyo, tunaning'iniza, saa mbili unachukua." Hiyo "kama ilivyo" ndiyo imeninyima usingizi. Sehemu mbili zilizochimbika kwa kutu nimeziba na puti ya gari. Na nilikuwa nawaza sahani nayo ipigwe nyeusi ifanane. Nishaurini kabla sijaharibu, maana mzee kila akipiga simu anaulizia mashine kwanza, mimi baadaye.

FundiOveni
Mkuu, usipeleke hivyo. Kazi yangu ndiyo hiyo. Unga unashikwa na umeme tuli, halafu chuma kinaingia oveni ya nyuzi 180 hadi 200. Mpira, plastiki, waya, grisi, vyote vikibaki humo ni msiba. Vua mpaka libaki bati tupu.

Hiyo puti ing'oe. Joto lile itavimba au itapasuka, na hata unga hauishiki vizuri kwa kuwa haipitishi umeme. Ipo puti ya unga wa chuma ya kuhimili joto. Ukiikosa, mwachie mchomeleaji mwenye mkono mwepesi ajaze, kisha usawazishe kwa msasa.

Jingine, wasikupigie mchanga kwa presha kubwa. Bati jembamba linajikunja, na likishajikunja kulinyoosha ni kazi ya kulia. Toa rangi ya zamani kwa dawa, maliza kwa msasa, futa kwa thina. Baada ya hapo usiliguse kwa mkono mtupu, mafuta ya vidole yanaacha vijishimo kwenye rangi.

MzeeWaZilipendwa
Sahani usiiguse kabisa, mwanangu! Igeuze uitazame kwa chini. Lenco haifanani na nyingine: kigurudumu kinasimama wima na kukimbilia kwenye tumbo la sahani. Pale panatakiwa chuma kitupu, laini. Ukipaka rangi, kila kibonge utakisikia kwenye spika. Halafu ile sahani ni aloi ya zinki ya kumimina. Ndani ya aloi za hivyo kuna hewa iliyonaswa, na ikipata joto la oveni inatafuta pa kutokea, unaishia na malengelenge. Yangu niliisugua kwa dawa ya kung'arisha chuma jioni tatu mfululizo, nikajiona kwenye ukingo wake.

Mhimili wa katikati nao uko kwenye kopo lake na bushi zake. Fungua nati, litoe lote.

Mswahili_Mbishi
Si upulize rangi ya gari tu yaishe? Mnamtisha mtoto wa watu bure.

FundiOveni
Mbishi, hujakosea sana. Kwa kitu cha kukaa sebuleni rangi ya gari inatosha, na haihitaji joto. Ila unga ukiiva vizuri funguo ikiudondokea hauchubuki kirahisi. Ubaya wake ni unene. Safu moja ni mikroni 60 hadi 100, kwa hiyo tundu linabanwa pande zote mbili, linapungua mpaka sehemu mbili za kumi za milimita. Skrubu iliyokuwa inapita inagoma. Ziba matundu yenye nyuzi za skrubu kwa vizibo vya silikoni, na pale kopo la mhimili linapokaa weka tepu ya joto, juu na chini. Tepu ya karatasi ya mafundi rangi itaungua.

DadaWaSpika
Kabla hujatoa rangi, piga picha maandishi ya bati, zile 16, 33, 45 na 78 za spidi, na rula ikiwa pembeni. Yakishaondoka utamwambia fundi stika aandike wapi? Na pale waya wa ethi unapofungwa paache chuma kitupu. Rangi ya unga haipitishi umeme, utapata mngurumo ulaumu amplifaya.

KijanaWaKeko
Mrejesho wakuu. Nimevua kila kitu, puti nimeng'oa, mchomeleaji kajaza. Karakana nilikaa hapohapo mpaka bati likaingia oveni. Fundi alicheka vizibo vyangu, lakini alivitumia. Rangi imetoka safi, kama ubao mpya wa shuleni.

Kosa moja ni langu. Ethi nilisahau kuizibia. Nikaunga vivyo hivyo nikijipa moyo, spika zikanguruma kama jenereta ya jirani. Nimekwangua chini ya skrubu upana wa shilingi, kimya. DadaWaSpika, soda yako ipo.

Sasa mkono wa sindano unachezacheza pale nyuma unapoegemea.

MzeeWaZilipendwa
Hivyo ni vile vipande viwili vya mpira vyenye umbo la V. Uzee umevila, Lenco nyingi za umri huo zina ugonjwa huo. Vipya vinauzwa mtandaoni, vingine vya plastiki ngumu, vingine vya shaba. Usijaribu kuchonga kwa kandambili, mimi nilishajaribu.

KijanaWaKeko
Shikamoo mzee. Kandambili nilikuwa nimeshaanza kuikata.