Mjadala: Boriti za maduka ya Mji wa Kale Lamu zitengenezwe kwa pesa za nani?

Asalaam aleikum jamaa. Nina duka la nafaka chini ya nyumba ya mawe, Mkomani. Wiki jana nilipanda ngazi kubadilisha taa, nikagusa kichwa cha boriti pale kinapoingia ukutani. Kidole kikazama. Unga wa mchwa na chokaa vikanimwagikia usoni. Chini ya boriti hiyo ndipo kijana wangu wa kazi anaposimama kutwa nzima akipima mchele.

Nilimweleza mwenye nyumba. Akasema nyumba imesimama tangu enzi za babu wa babu yake, na matetemeko ni mambo ya Bonde la Ufa. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko la ukubwa wa takriban 6 lilipiga chini ya bahari upande wa Mafia. Dar es Salaam watu walikimbia nje ya majengo, na Mombasa lilisikika. Bahari ni hii hii yetu. Bukoba nako, Septemba 2016, tetemeko la 5.9 liliua zaidi ya watu 15, wengi wao wakiangukiwa na kuta.

Kuta zetu za matumbawe na chokaa zina nguvu ya kubeba uzito unaoshuka. Zikisukumwa ubavuni, ukuta unaachana na sakafu ya juu, boriti zinachomoka, na mawe yote yaliyolala juu yake yanashuka. Na bado kuna vile vikuta vya ukingoni huko juu ya nyumba, ambavyo havikushikwa na kitu. Vikianguka, vinaangukia uchochoroni, mahali ambapo punda mwenye mzigo akipita lazima ujibanze ukutani.

Rai yangu: anayepokea kodi alipie kuta na boriti. Mpangaji alipie rafu zake, mitungi yake ya gesi na mizigo anayoipanga juu. Na kaunti isitoe leseni ya biashara kabla mtu hajapanda ngazi akaangalia vichwa vya boriti. Mwasemaje?

Mwenye mkahawa, Langoni: Ndugu yangu, mwenye nyumba akilipia leo, kesho kodi inapanda. Mimi nina wasichana watatu jikoni. Kodi ikipanda, mmoja atarudi kwao. Na hilo la leseni litatufungia sisi, si yeye.

Mrithi wa nyumba ya familia: Mwasema "mwenye nyumba" kama kwamba ni mtu mmoja. Sisi ni warithi kumi na mmoja, wengine wako Mombasa, wengine Oman. Kodi ikigawanywa, kila mmoja anapata pesa ya samaki. Nyumba nyingine ni wakfu kabisa. Msituone wabaya.

Fundi wa chokaa: Mimi sitaki ugomvi wa kodi, nataka kazi ifanywe sawa. Msijaze saruji kwenye nyufa. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na inafungia unyevu ndani, jiwe linaoza nyuma yake. Boriti iliyooza kichwa hubadilishwa, kisha hufungwa kwenye ukuta kwa chuma kisichoshika kutu, kwa sababu chuma cha kawaida kikiliwa na chumvi ya bahari hufura na kupasua jiwe. Waulizeni Makumbusho ya Taifa kabla ya kugusa, mji huu uko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001. Na jengo halingojei tetemeko. Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Unguja, ilianguka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, ardhi ikiwa imetulia, na waliokufa ni watu waliokuwa kazini.

Mhudumu wa nyumba ya wageni, Shela: Mnazungumza kuta tu. Mimi miaka minne kazini sijaambiwa nifanye nini ardhi ikitikisika. Nikimbie au nikae?

Jibu langu: Dada, nianze na wewe. Ukiwa ndani, jishushe chini, ingia chini ya meza imara, jifunike kichwa, shikilia mpaka mtikisiko uishe. Usikimbilie uchochoroni wakati mawe yanaanguka. Mtikisiko ukisimama, toka kuelekea mahali wazi. Lakini wewe uko ufukweni: mtikisiko ukiwa mkali au mrefu, ukiisha tu pandeni juu kwenye vilima vya mchanga, msingoje kuangalia bahari. Tsunami ya Desemba 2004 ilitoka Sumatra na ikaua mtu hapo Malindi. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri akupe maelezo na mafunzo, wala hairuhusu ufukuzwe kwa kuondoka mahali penye hatari ya wazi.

Mama wa mkahawa, umenigusa, na hapo narekebisha neno langu: leseni isizuiliwe mwaka wa kwanza. Ukaguzi ufanywe, matokeo yaandikwe, mwenye nyumba apewe muda, na gharama ikatwe kidogo kidogo kwenye kodi iliyopo bila kuiongeza. Kwa nyumba ya warithi au wakfu, mpangaji atangulize pesa kwa maandishi mbele ya mashahidi, kisha akatiwe kwenye kodi. Kwa boriti sibadiliki. Mpima mchele hakuijenga nyumba ile wala halipwi kodi yake.

Fundi, shikamoo. Jumamosi baada ya alasiri ngazi itakuwa tayari. Boriti ni kumi na nne. Kijana nimeshamhamishia meza karibu na mlango.