Mjadala: Je, daftari la wageni getini latulinda, au latuanika?

Naomba tulijadili jambo ambalo kila mkaazi wa Mombasa hulipitia, ikiwa si kila siku basi kila wiki, na ambalo kwa kuzoeleka kwake tumeacha kuliuliza. Ukitaka kuingia katika jumba la ofisi katikati ya mji, au katika nyumba zilizozungushiwa ukuta kule Nyali, mlinzi hukusimamisha getini, hukudai kitambulisho, kisha hukusogezea daftari ujaze jina lako kamili, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, unakokwenda, saa ya kuingia na sahihi. Mahali pengine kitambulisho chenyewe hubaki kwake mpaka utakapotoka. Je, hilo ni haki, na je, kuna usalama wowote tunaoupata kwalo? Msimamo wangu nautaja mapema ili asiyekubaliana nami ajue pa kunipinga: mlinzi ana haki ya kuupekua mkoba wangu na kukitazama kitambulisho changu, lakini hana haja ya kuniandikisha nambari ya kitambulisho wala ya simu yangu, na kadi yangu haifai kukaa katika droo yake hata kwa dakika moja.

Wanaolitetea daftari hili wana hoja ambayo si ya kupuuzwa, hasa kwetu sisi wa Pwani. Tarehe 28 Novemba 2002 gari lililosheheni baruti lililipuliwa katika hoteli ya Paradise kule Kikambala, na Wakenya 10 pamoja na Waisraeli 3 wakauawa. Likaja shambulio la jumba la maduka la Westgate jijini Nairobi mwaka 2013, watu 67 wakapoteza maisha. Likaja la hoteli ya DusitD2, huko huko Nairobi, mwezi Januari 2019, wakafa 21. Baada ya mambo kama hayo hakuna mwenye jumba atakayelaumiwa kwa kutaka kumjua anayeingia kwake, na Bunge lenyewe liliwapa walinzi mamlaka. Sheria ya Kudhibiti Huduma za Ulinzi wa Kibinafsi ya mwaka 2016, katika kifungu cha 48, inamruhusu mlinzi wa mlangoni kumtaka mtu ajitambulishe, kuandika saa ya kuingia na ya kutoka, na kukishikilia kitambulisho kwa muda. Kwa hivyo anayesema kwamba mlinzi anajitungia sheria getini anakosea, na mjadala huu hautafika popote tukiujenga juu ya dai hilo.

Lakini hebu tuyatazame mashambulizi hayohayo yanayotajwa kila mara. Kule Kikambala gari lilivunja kizuizi na kuingia kwa nguvu. Westgate washambuliaji waliingia wakifyatua risasi, na DusitD2 waliingia kwa mlipuko na bunduki. Hakuna aliyesimama kuandika jina. Mtu aliyekuja kuua, na pengine kufa, hazuiwi na safu ya karatasi yenye mistari. Anachoweza kukizuia ni kizuizi imara, kioo cha kutazamia chini ya gari, mashine ya kukagua mikoba na mlinzi aliyefunzwa vyema na kulipwa vyema. Vyote hivyo ni vya gharama, ilhali daftari linauzwa dukani kwa bei ya chini, na ndiyo maana nashuku kwamba majumba mengi yamelichagua daftari ili yaonekane yamefanya jambo.

Nimekwisha kuambiwa kwamba hata kama halimzuii gaidi, daftari husaidia kumsaka mwizi baadaye. Hoja hii ingekuwa na uzito kama yaliyoandikwa humo yangekuwa yanahakikishwa. Juzi nilisimama kwenye foleni getini, aliyekuwa mbele yangu akaandika nambari ya simu yenye tarakimu tisa badala ya kumi, akatia sahihi, akaingia. Mlinzi hakuitazama, na sidhani kwamba alikuwa na nafasi ya kuitazama, kwani watu tulikuwa tumejaa hadi barabarani na jua la saa saba lilikuwa linatuwakia. Mkweli ndiye anayeacha nambari yake sahihi. Mwenye nia mbaya huandika atakalo. Matokeo yake ni kwamba tumetengeneza orodha kamili ya watu wasio na hatia, tukaiacha wazi juu ya meza.

Na orodha hiyo inasomwa. Kila anayejaza mstari wake huiona mistari iliyo juu yake. Mpwa wangu, binti ya dada yangu, alikwenda kwenye mahojiano ya kazi katika jumba moja la mjini, na usiku huohuo akapokea ujumbe kutoka kwa mtu asiyemjua, akimsifu kwa mtandio wa zambarau aliouvaa mchana. Nambari yake hakuwa amempa mtu yeyote siku hiyo ila lile daftari. Alimzuia, yule mtu akaja kwa nambari nyingine, tena nyingine, mpaka binti akaamua kubadilisha laini. Na kwa kuwa laini ile ya zamani ndiyo aliyowaachia waajiri, hadi leo hajui kama walimpigia. Nikilisimulia hili mbele ya wanawake wenzangu, kila mmoja ana lake la kusimulia. Wanaume wanaosema kwamba nambari ya simu si siri wajaribu kuwauliza dada zao na binti zao.

Kuna madhara mengine yanayokuja kimyakimya zaidi. Jina kamili, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu vikikaa mstari mmoja, hivyo ndivyo vitu anavyoanza navyo tapeli anayetaka kujifanya wewe mbele ya wakala au kukubadilishia laini ya simu, na kadi ikibaki kwa mlinzi humwongezea tarehe ya kuzaliwa, mahali ulipozaliwa, picha na sahihi yako. Mwezi Juni mwaka 2021, msajili wa vyama vya siasa alipowawezesha wananchi kuangalia mtandaoni kama wameandikishwa katika chama chochote, Wakenya wengi walijikuta ni wanachama wa vyama wasivyowahi kuvikaribia, na malalamiko yakamiminika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Wengi waliyashuku madaftari: ya mawakala wa M-PESA na haya ya getini. Si kazi yangu kumhukumu mtu hapa, lakini nauliza ni wapi pengine nambari za vitambulisho hupatikana zimepangwa vizuri namna hiyo, kwa maelfu, bila kufuli. Yeyote anayedhani kwamba natia chumvi abonyeze *106# kwenye simu yake, aone ni laini ngapi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake na kama zote anazitambua.

Linalonisumbua zaidi ni kutojua madaftari yakijaa huenda wapi. Jioni moja pale ufukweni Mama Ngina niliuziwa njugu zilizofungwa katika karatasi yenye safu hizohizo: jina, kitambulisho, simu, saa ya kuingia. Wino ulikuwa bado unasomeka. Muuza njugu hana kosa lolote, yeye hununua karatasi kuukuu kwa kilo kama wenzake wote. Aliyeiachilia karatasi ile itoke ndiye mwenye kosa.

Sasa turudi kwenye sheria, maana kifungu cha 48 hakisimami peke yake. Kifungu hichohicho kinamkataza mlinzi kuyatumia maelezo aliyoyapata kwa jambo lolote isipokuwa kumtambua mtu, nalo hili ni nadra kusikia likitajwa na wanaokinukuu. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutotakiwa kutoa, na kutofichuliwa, habari za familia yake au mambo yake ya faragha bila ya ulazima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ikaja baadaye na kuweka masharti kwamba data ikusanywe kwa lengo lililo wazi, isizidi inayohitajika kwa lengo hilo, na isiwekwe kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Tena mwenye data aambiwe kabla ya kuitoa kwamba inakusanywa kwa ajili gani na nani atakayeiona. Tazameni kwamba kifungu cha 48 kinataja kujitambulisha na kuandika saa, lakini hakikumwamuru mtu yeyote kukusanya nambari za simu. Ile safu ya simu tumeiongeza sisi wenyewe kwa mazoea, na mimi sijawahi kuona getini bango linaloeleza matumizi yake.

Tena sheria hii ina meno. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kwa kutegemea kiasi kilicho kidogo. Mwezi Septemba 2023 Kamishna aliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu zilizopatikana kwa wengine na kuwatumia ujumbe wa vitisho. Mkahawa mmoja wa Nairobi ukatozwa shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizochapishwa bila ridhaa ya wazazi. Vilevile, watu walipopanga foleni katika ukumbi wa mikutano wa KICC jijini Nairobi mwaka huohuo ili mboni za macho yao zipigwe picha na Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, kwa malipo, nchi nzima ilipiga kelele, serikali ikasimamisha zoezi lile mwezi Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data iliyokusanywa ifutwe. Kelele ile ilistahili. Ninachokitaka ni kwamba tuutumie moyo uleule kwa jambo linalotokea mlangoni petu, ambalo halina mashine ya ajabu wala mgeni kutoka ng'ambo, na kwa sababu hiyo halitushtui.

Tusimsahau pia asiye na kitambulisho. Hapa Pwani Wamakonde walitambuliwa kuwa raia mwaka 2016, na Wapemba mwaka 2023, baada ya kuishi nasi kwa vizazi. Wako pia vijana waliotimiza miaka 18 ambao kadi zao bado hazijatoka. Tunapokifanya kitambulisho kuwa ufunguo wa kila mlango, wasio nacho hubaki nje ya ofisi, na wakati mwingine hubaki nje ya ofisi ileile wanayokwenda kufuatilia hiyo karatasi. Kwa hoja hii sijasikia jibu la kuridhisha kutoka upande wa pili.

Wengine wanasema dawa ni kuachana na karatasi na kumpa mlinzi kishikwambi kinachokipiga picha kitambulisho. Mimi naona hatari inaongezeka. Karatasi huibwa moja moja, lakini hifadhi ya kidijitali hunakiliwa yote kwa mara moja na mwenyewe asijue. Majumba yanayotumia njia hiyo yatueleze kwanza programu ile ni ya nani, data inahifadhiwa wapi na kwa muda gani, na kama msimamizi wake amesajiliwa kwa Kamishna.

Nisieleweke kwamba nawashambulia walinzi. Siku moja nilimwomba mmoja aniruhusu niandike jina tu, naye akanijibu kwa adabu: "Mama, mimi nimeagizwa. Bosi akikuta safu iko tupu, ni mshahara wangu." Nikaandika, kwa sababu sikuona haki kwamba yeye alipe gharama ya msimamo wangu. Mwenye kuwajibika ni mwenye jumba na kampuni iliyomwajiri, na mabadiliko lazima yatoke huko.

Ninachokipendekeza hakihitaji sheria mpya. Mkoba upekuliwe, gari likaguliwe, kitambulisho kitazamwe na kurudishwa papo hapo, na asiyekuwa nacho apewe nafasi ya kuthibitishwa na mwenyeji wake kwa simu ya ndani. Mwenyeji akikubali kumpokea mgeni, hilo lenyewe ni uthibitisho mkubwa kuliko sahihi ya haraka getini. Jumba likishikilia kwamba lazima liandike, basi liandike jina, saa na ofisi anayokwenda mtu, kwa karatasi ya mtu mmoja mmoja isiyosomwa na anayefuata, iwekwe ndani ya kufuli na ichanwe baada ya mwezi mmoja. Najua kuna watakaoona kwamba mwezi ni mfupi mno kwa upelelezi, nami niko tayari kusikiliza muda mwingine, mradi pawe na mwisho unaojulikana.

Wanaoliunga mkono daftari, naomba mnijibu kwa mfano ulio hai: ni lini nambari ya simu iliyoandikwa getini ilimfikisha mhalifu mahakamani hapa Mombasa, na je, isingepatikana kwa njia nyingine, hasa ikizingatiwa kwamba kila laini imekwisha kusajiliwa kwa kampuni za simu na polisi wanaweza kuiomba kwa amri ya mahakama? Kwenu wasimamizi wa majumba mnaosoma haya, swali langu ni fupi zaidi: madaftari ya mwaka uliopita yako wapi sasa hivi, na ni nani mwenye ufunguo?