Albamu ya Tuskegee ya Lionel Richie, ni nyimbo mpya au zile zile?

Mkazi wa Majengo: Wakuu habari za Moshi, mama anampenda sana Lionel Richie nataka nimuwekee Tuskegee kwenye flashi awe anasikiliza jikoni, sasa nauliza ni nyimbo mpya au zile za zamani?

Dada wa Njiro: Za zamani mkuu, ila 2012 alizirudia na wasanii wa kantri, ule muziki wa mashambani wa Marekani. Endless Love yuko na Shania Twain, Lady kaimba na Kenny Rogers mwenyewe ambaye ndo aliandikiwa ule wimbo 1980. Muwekee tu atafurahi.

Mzee wa Kaloleni: Mi Easy na Willie Nelson ndo inanimaliza, Willie anaimba kama anaongea tu yani unaacha kazi. Ila Hello ya mwanzo siibadilishi na Hello ya kwenye albamu hii.