Katuni za roboti na vita vya anga za juu: mnapimaje kama zinamfaa mtoto? Tupeane uzoefu

Mama Wawili

Habari zenu wakuu.

Nina watoto wawili, wa kike ana miaka tisa na wa kiume mitano, na wote wamezama kwenye roboti, vyombo vya anga na mashujaa wanaoruka. Filamu mpya ikitangazwa tu, maombi yanaanza. Ndugu zangu hunijibu haraka, "Si katuni tu hiyo, waache watazame." Hapo ndipo tunapotofautiana. Uhuishaji ni namna ya kutengeneza filamu, hausemi lolote kuhusu umri wa mtazamaji. Akira, iliyotoka Japani mwaka 1988, ni michoro mwanzo hadi mwisho, na huko Marekani imepewa daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 asiingie bila mzazi au mlezi, kwa ukatili wake. WALL-E ya 2008 nayo ni katuni, nayo inasimulia wakati ujao, na daraja lake ni G, la watu wote. Anayesema "katuni tu" ametia hizo mbili kapu moja.

Madaraja yanasaidia, ila si kwa kila kitu. Marekani wana G, PG (mzazi aangalie kwanza), PG-13 (mzazi awe makini zaidi kwa walio chini ya miaka 13), R na NC-17 (watu wazima tu). Hiyo PG-13 iliongezwa mwaka 1984, kwa kuwa pengo kati ya PG na R lilikuwa pana mno. Uingereza wana U ya watu wote, PG, halafu 12A, 15 na 18, namba zikiwa ni umri. Katuni nyingi za mapigano huangukia kwenye PG, na PG ina mengi ndani yake: kuna filamu ya kuchekesha yenye ngumi mbili tatu, na kuna filamu ambayo mji mzima unabomolewa. Kwa hiyo herufi naipita haraka, nasoma ile sentensi fupi ya sababu iliyo chini yake. Wakiandika mapigano ya katuni, sishtuki. Wakiandika mada nzito, nasimama kwanza, maana mara nyingi hapo kuna mtu atakayekufa.

Niwape mfano wa nyumbani. Tulikaa pamoja kutazama Big Hero 6 ya 2014, ambayo ni PG. Nilikuwa nimeshasoma kwamba kaka wa mhusika mkuu anafariki kwa moto mapema kabisa. Kijana wangu macho yote yalikuwa kwa ile roboti nyeupe yenye tumbo, kifo hata hakukishika. Dada yake, ambaye mwaka huo alikuwa amempoteza babu yake, alinyamaza palepale. Mapigano yaliyofuata, barakoa, yale maelfu ya vijiroboti, hayakumgusa hata kidogo. Maswali yake yote yalikuwa juu ya chumba cha yule kaka aliyefariki kwenye filamu: kwa nini vitu vya marehemu bado vipo, nani atavitumia, na je, mdogo wa marehemu haogopi kulala humo? Tulizungumza usiku huo na siku zilizofuata, mpaka akataka kuona tena picha za babu yake. Nilishukuru sana kwamba nilikuwa nimekaa pembeni yake.

Siku hizi naanza na mtoto kabla ya filamu. Anaogopa nini kwa sasa? Amepatwa na nini mwaka huu? Nikishajua hayo ndipo naitazama filamu yenyewe. Nyie wenzangu mnapimaje? Leteni mliyoyaona kwa watoto wenu wenyewe, si ya kusikia.

Mwalimu wa Awali

Dada, hapa umegusa kazi yangu ya kila siku. Nafundisha watoto wa miaka minne na mitano, na kwa umri huo sura ndiyo kila kitu. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, Glenn Sparks na Joanne Cantor, walichapisha utafiti kuhusu watoto waliotazama kipindi cha The Incredible Hulk, ambamo mtu wa kawaida anageuka jitu la kijani. Wadogo waliogopa zaidi mtu yule alipokwisha kugeuka, ingawa jitu hilo ndilo linalokuja kuokoa. Wakubwa waliogopa zaidi kabla ya hapo, wakati maisha ya shujaa yako hatarini.

Darasani naliona hilo waziwazi. Sayari nzima ikilipuka, mtoto wa miaka minne anapiga makofi, kwa sababu ukubwa wa jambo lenyewe haumwingii. Kinachomliza ni uso. Shujaa mwema macho yake yageuke mekundu. Mama anayekumbatia, kumbe ni roboti. Ngozi ibanduke na nyaya zionekane. Filamu za sayansi ya kubuni zimejaa mambo haya, na hakuna tone la damu humo, kwa hiyo daraja linabaki la chini. Mzazi wa mtoto mdogo akiniuliza, namwambia ahesabu nyuso zinazogeuka kabla ya kuhesabu risasi.

Na kuhusu kuiga: Albert Bandura na wenzake walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 1963 kwa watoto wa chekechea. Kundi moja lilimwona mtu mzima akilipiga doli kubwa la mpira ana kwa ana, kundi jingine likamwona kwenye filamu, na la tatu likaona filamu iliyotengenezwa ifanane na katuni, mpigaji amevaa kama paka mweusi. Makundi yote matatu yalionyesha ukali kuliko watoto ambao hawakuonyeshwa kitu. Kwa hiyo hoja ya "katuni tu" ilishajibiwa zamani.

Baba Subira

Naomba niongeze jambo ambalo halimo kwenye mengi ya madaraja hayo. Mwanangu ana kifafa cha aina inayoamshwa na mwanga. Si wote wenye kifafa wako hivyo, ni karibu watu 3 katika kila 100, ila kwetu sisi ndilo swali la kwanza.

Desemba 1997 huko Japani, sehemu moja ya katuni ya Pokémon ilionyesha mwanga mwekundu na wa buluu ukipokezana kwa kasi sana. Watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitalini, na kipindi kikasimamishwa kwa miezi. Kisa chenyewe kilikuwa ndani ya kompyuta, mambo ya kisayansi haya haya. Na mwaka 2018 katuni ya Incredibles 2 ilipoingia kwenye majumba ya sinema, tahadhari za mwanga zilibandikwa kwa ajili ya watazamaji.

Miongozo ya usalama inataka mwanga usiwake na kuzima zaidi ya mara tatu kwa sekunde. Filamu za mapigano ya anga zinavuka hapo kirahisi: miale ya leza, milipuko, milango ya kwenda ulimwengu mwingine. Kwa hiyo sisi hutafuta kwanza kama filamu ina onyo hilo. Taa ya sebuleni haizimwi, na mtoto hukaa mbali na runinga. Tumemfundisha pia kwamba mmweko ukianza, afunike jicho moja kwa kiganja na kugeuza uso. Kufumba macho peke yake hakutoshi, mwanga unapenya kwenye kope. Hata kama mtoto wako hajawahi kuanguka, ukimwona amekodoa au ameganda, au jicho linamchezacheza, zima kwanza, halafu mpeleke kwa daktari.

Mama Wawili

Baba Subira, Mungu amlinde kijana. Hili la jicho moja sikulijua kabisa. Wakuu, lisomeni mara mbili.

Dada wa Usiku

Mimi sina maneno mengi. Naitazama yote mwenyewe wakishalala, na naisikiliza kuliko ninavyoitazama. Treila siiamini, kwa sababu wanaoitengeneza wanatafuta watazamaji, kwa hiyo vichekesho vyote vimejazwa humo. Kwa wanangu kinachotisha ni sauti: mngurumo wa chini kabla adui hajaonekana, au ukimya wa ghafla halafu mlio. Binti wa miaka minne akikunja miguu kwenye kochi napunguza sauti tu, wala sibadilishi kitu kingine, na mara nyingi miguu inashuka yenyewe.

Kaka Mkubwa

Mimi si mzazi, nina wadogo zangu watatu na jioni huwa mikononi mwangu. Nawaletea swali ambalo bado linanisumbua. Kwenye filamu hizi adui mara nyingi hufanywa roboti ili shujaa akate, apasue na alipue bila damu. Watoto wanashangilia. Lakini roboti hizo hizo zinazungumza, zinatania, nyingine zinaomba zisiuawe! Mdogo wangu wa miaka saba aliniambia, "Hiyo si kitu, ni bati." Filamu iliyofuata rafiki wa shujaa alikuwa roboti, akavunjwa, na mdogo wangu akalia kwa uchungu. Nikamuuliza, huyu si bati? Alifikiri muda mrefu, akanijibu kwamba huyu ana jina.

Jibu lile lilinifungua macho. Sasa tunapotazama, naangalia filamu inawatendeaje wasio na majina. Je, anayepigwa anaonekana kuumia? Kuna anayemlilia? Shujaa alijaribu njia nyingine kabla ya kupiga? The Iron Giant ya 1999 nimewaonyesha wote watatu, kwa sababu humo roboti kubwa iliyoundwa kuwa silaha inakataa kuwa silaha, na bunduki inaonyeshwa kuwa inaua kweli. Ina huzuni, ina hofu ya bomu la nyuklia, na daraja lake ni PG. Kwangu ina heshima kuliko filamu ya vichekesho ambayo maadui mia wanalipuka na hakuna anayegeuka kuwatazama.

Bibi wa Wengi

Wanangu, nimewasoma, na ninyi mna mapenzi ya kweli kwa watoto. Ila msiwazungushie ukuta. Sisi tulisimuliwa mazimwi yanayomeza watu wazima wazima, tukajifunika shuka hadi kichwani, na kesho yake tukaomba tena. Mtoto anahitaji kuogopa kidogo akiwa mahali salama, ajue kwamba hofu huja na hupita.

Kaka Mkubwa

Shikamoo bibi. Lakini zimwi lile lilisimuliwa na mtu aliyekuwa anakuona usoni. Ukitetemeka, zimwi linapungua meno. Filamu haimwoni mtoto.

Bibi wa Wengi

Marahaba mjukuu wangu, umesema kweli. Basi anayekaa naye ndiye awe msimulizi. Mimi rimoti naishika mwenyewe. Pakiwa pazito nasimamisha, namuuliza, "Unadhani itakuwaje?" Akishanieleza tunaendelea. Asipotaka, tunaacha hapo hapo, na simwambii kwamba ni mwoga.

Muuguzi wa Zamu

Bibi, nakuunga mkono hapo pa kutomwita mwoga. Mama Wawili aligusia vifo, na si hisia zake tu. Mwaka 2014 jarida la tiba la BMJ lilichapisha utafiti uliolinganisha filamu 45 za katuni za watoto na filamu 90 za watu wazima. Kwenye katuni, hatari ya mhusika muhimu kufa ilikuwa kubwa karibu mara 2.5. Wazazi wa mhusika mkuu nao walikufa zaidi humo. Kwa mtoto aliyefiwa, au ambaye mama yake amelazwa, mimi namuuliza mlezi swali hilo kwanza: mzazi anakufa? Anarudi? Kwenye sayansi ya kubuni kuna jambo la ziada, marehemu hurudishwa kwa mashine au kwa kusafiri nyuma ya wakati. Niliwahi kukaa na mtoto wa miaka sita aliyekuwa anapanga kwa makini kabisa kuunda mashine ya kumrudisha baba yake. Mtoto wa umri huo hatofautishi vizuri kifo na safari, na filamu ikimpa matumaini hayo anabaki anasubiri. Mtu mzima amwambie, kwa upole na kwa maneno ya wazi, kwamba aliyekufa harudi.

Baba wa Mapacha

Wangu wana miaka kumi na moja, hawaogopi sura wala sauti tena. Wao huogopa linaloweza kutokea. Baada ya filamu ya kompyuta inayoasi na kuwateka wanadamu, mmoja alilala vizuri, mwingine alianza kufunika kamera ya kishikwambi na kuuliza kama akili mnemba inatuchukia. Kumwambia "ni filamu tu" hakukusaidia, kwa sababu alijua kompyuta zipo. Kilichosaidia ni maelezo: programu hizi zinafanya nini hasa, nani anaziunda, kwamba hazina chuki wala mapenzi, na kwamba wapo watu ambao kazi yao ni kuzidhibiti. Umri huu unataka habari za kweli. Kwa hiyo kabla ya filamu kama hiyo najiuliza kama mimi mwenyewe nitaweza kujibu maswali yatakayofuata.

Mama Wawili

Mwalimu, nirudi kwako. Huyu wangu wa miaka mitano, akimaliza filamu ya mapigano, saa nzima ni mateke na miale ya leza ya mdomoni. Najuaje kama ni mchezo wa kawaida au filamu imemzidi?

Mwalimu wa Awali

Mtazame mwenzake, usimtazame yeye peke yake. Kwenye mchezo wanacheka wote wawili, wanapokezana kuwa adui, na mmoja akisema basi, mwingine anaacha. Filamu ikiwa imemzidi, mchezo haubadiliki: tukio lile lile, mtu yule yule anapigwa, hakuna kicheko, na ukimkatiza anakasirika kupita kiasi. Angalia na usingizi, kukojoa kitandani, kukataa kwenda chooni peke yake. Ukiona hayo, filamu za aina hiyo zipumzishe kwa wiki kadhaa, na usizifanye adhabu.

Kwa mchezo wenyewe, mimi huongeza wahusika. Naingia na kusema, "Jamani, roboti hii imeumia, nani fundi wake?" Ghafla kuna fundi, kuna daktari wa anga, kuna anayeita chombo cha uokoaji. Mapigano yanaendelea, lakini sasa kuna kazi nyingine za kufanya. Jaribu na huyo wako leo jioni, dada yake awe rubani, halafu uje utuambie ilikuwaje.