Naomba ushauri: Je, msimulizi wa riwaya ana haki ya kumficha msomaji anachokijua?

BintiMakorora: Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Nimekuwa mpenzi wa riwaya za upelelezi tangu darasa la sita, nilipoazima kwa mjomba nakala ya Mzimu wa Watu wa Kale ambayo jalada lake lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa gunia. Siku hizi nimehamia kwenye riwaya za kisaikolojia, zile ambazo mhusika hujisimulia mwenyewe, na hapo ndipo nilipokwama. Katika The Girl on the Train ya Paula Hawkins (2015), msimulizi mkuu ni mlevi asiyekumbuka yaliyotokea usiku fulani; huyo nilimwamini, kwa kuwa tulipotea pamoja. Lakini katika riwaya mbili nilizosoma baada ya hiyo, msimulizi alijua kila kitu tangu ukurasa wa kwanza, akaninyamazia hadi sura ya mwisho, nami nikajiona kama mtu aliyeliwa hela kwenye karata tatu. Sasa nimeanza tabia mbaya ya kusoma kurasa za mwisho kwanza. Naomba mnishauri: kosa ni la waandishi au ni langu, na nisome nini kitakachonirudishia raha?

MwalimuMstaafu: Binti yangu, lalamiko lako ni la zamani. Mwaka 1929 padri mmoja Mwingereza, Ronald Knox, aliandika kanuni kumi za hadithi za upelelezi, na mojawapo ilisema kwamba rafiki wa mpelelezi, yule mzito wa kuelewa, asimfiche msomaji wazo lolote linalompitia kichwani. Miaka mitatu kabla yake Agatha Christie alikuwa ametoa riwaya iliyowagawa wasomaji kwa jambo hilohilo, ambayo jina lake silitaji kwa heshima ya wasioisoma. Kwetu, Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa hiyo Mzimu wa Watu wa Kale, alicheza kwa haki: Najum, rafiki wa mpelelezi Bwana Msa, huona yaleyale anayoyaona Bwana Msa, na bado huachwa nyuma, nasi tukiwa naye. Ushauri wangu ni huu. Chukua penseli, urudi mwanzo wa kitabu kilichokuudhi, uitafute sentensi iliyo ya uongo. Ukiikuta, umetapeliwa. Usipoikuta, bali ukakuta sentensi za kweli zenye maana mbili, mwandishi huyo ni fundi na wewe ndiye uliyesoma kwa haraka.

KalamuNyekundu: Kwa heshima zote, mwalimu, kipimo hicho kinaifaa hadithi ya fumbo, ambamo msomaji hushindana na mpelelezi; lakini riwaya ya kisaikolojia haina shindano hilo. Mwenye hatia, hata akiwa peke yake chumbani, hajielezi kama anayetoa ushahidi mahakamani. Hulizunguka jambo, huligusa na kuliacha, na mwandishi anayemfanya aungame ukurasa wa pili ndiye anayedanganya. Dada, soma Kichwamaji ya Kezilahabi (1974). Si riwaya ya upelelezi, wala hakuna inspekta anayebisha hodi, lakini mhusika mkuu, Kazimoto, anajisimulia mwenyewe, na utaona jinsi akili inavyoweza kumchimbia mwenyewe shimo huku ikimweleza kwamba inafikiri. Ukichoka kufichwa kabisa, mtafute Patricia Highsmith: katika The Talented Mr. Ripley (1955) muuaji unamjua, unamwona akiua, na kinachokukosesha usingizi ni kwamba umeanza kumwombea asikamatwe.

Mpenda_Vita: Achana na hao wote, soma riwaya za Musiba za jasusi Willy Gamba. Hafichi kitu.

MamaWawili: Kuhusu kurasa za mwisho, nina dawa niliyoipata kwa bahati mbaya. Niliwahi kununua kitabu kwenye meza ya kando ya barabara pale Posta, na nilipofika mwisho nikakuta karatasi mbili za mwisho zimechanwa. Muuzaji alikana. Nilikasirika, kisha nikakisoma upya kwenye daladala kwa wiki nzima nikimtafuta muuaji mwenyewe, na sijawahi kusoma kitabu kwa makini namna ile. Tangu hapo hubana sura ya mwisho kwa kibanio cha nguo kabla sijaanza.

BintiMakorora: Ahsanteni sana. Nimerudi baada ya siku nne na penseli yangu, mwalimu. Kitabu cha kwanza ni tapeli: msimulizi anasema waziwazi kwamba usiku ule hakutoka nyumbani, na alitoka. Cha pili kimenitia aibu. Kuna mahali mwanamke anafunga mlango wa jikoni, ananawa mikono, kisha anampigia simu dada yake, vyote katika sentensi moja. Nilipita hapo bila kujiuliza kwa nini anawe mikono wakati hajapika chochote. Nimepigia mstari neno hilo moja. Kichwamaji nimeahidiwa na mfanyakazi mwenzangu, na vibanio ninavyo.